Koja la asumini lililotupwa na mtoto: niache au niendelee?

Fundi wa Mikanjuni ameuliza:

Assalamu alaykum, na wasio Waislamu nawasalimu kwa heshima hiyo hiyo. Mimi ni fundi seremala hapa Tanga, na mwezi wa Shaabani uliopita nilimwoa mwanamke aliyekuwa ameachika, mwenye watoto 2, binti wa miaka 9 na mvulana wa miaka 5. Talaka ilikwisha kutoka na eda kumalizika zaidi ya mwaka mmoja kabla sijapeleka posa, na baba yao, ambaye anaishi Muheza, huja kuwachukua mwisho wa kila mwezi. Tunaamkiana mlangoni, tunaulizana hali, naye huenda zake na wanawe. Nayatanguliza haya si kwa kujitetea, bali kwa sababu jambo ninalotaka kuliuliza ni dogo, tena huenda likachekesha, na sipendi wajibu wangu wapoteze muda kutafuta ugomvi mahali ambapo haupo.

Sina fedha za kumnunulia mke wangu vitu vya dukani kila anaponifurahisha, lakini mikono ninayo. Wiki ya kwanza ya ndoa nilimtengenezea kibao cha mbuzi kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, nikakisawazisha miguu hadi kikatulia sakafuni bila kuyumba, na chini ya kikalio, mahali ambapo mtu haoni mpaka akipindue, nikachonga herufi ya kwanza ya jina lake. Siku ya Ijumaa huamka kabla yao nikapika vibibi kwa mchele uliolala majini na tui zito, na wanaoona ajabu mwanamume kusimama jikoni nawaomba waanzishe mjadala wao mahali pengine. Alhamisi, tena, nilikuwa nikichuma vitumba vya asumini kwa jirani yetu wakati wa alasiri, kabla havijafunguka, nikavitunga kwa sindano na uzi hadi vikawa koja, nikaliweka juu ya mto wa mke wangu, ili vikifunguka usiku chumba kizima kinukie.

Alhamisi ya tatu sikulikuta koja langu kitandani. Nililikuta ndani ya ndoo ya maji ya vyombo, limegandamizwa kwa sufuria kusudi lisielee. Mama yake alipouliza, binti hakukana wala hakulia. Alisema, "Maua ni ya baba," kisha akaendelea kufuta sahani. Mama aliinua mkono amchape, nikamzuia, na usiku ndipo aliponieleza kwa shida kwamba mume wake wa kwanza naye alikuwa akija na asumini kila Alhamisi. Mimi sikulijua hilo hata kidogo.

Mke wangu anasema niache. Nami, niseme kweli, nimeumia, kwa sababu nikiacha asumini leo, kesho nitaambiwa niache kitu kingine, na ni nani atakayenihesabia kipi kilikuwa cha mwenzangu na kipi hakikuwa chake? Nitaishi nyumbani kwangu kama mpangaji anayeogopa kupigilia msumari ukutani. Halafu namtazama binti huyu, anayeniamkia vizuri kila asubuhi, ananiita anko, wala hanikosei adabu kwa jambo jingine lolote, nami sioni fahari ya kumshinda mtoto wa miaka 9 katika ugomvi ambao hakuuanzisha yeye. Niache, niendelee, au ipo njia ambayo siioni?

Bi Mkubwa wa Ngamiani amejibu:

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Mimi nimekuwa somo wa maharusi hapa mjini tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hao watakaokucheka kwa sababu ya vibibi usiwajali, maana mahaba ya mikono ndiyo tuliyokuwa tukiyafunza, wanawake kwa wanaume, ingawa wanaume wengi waliyasahau kabla ya fungate kwisha.

Hata hivyo niruhusu nikukosoe. Asumini ni maneno ya watu wawili, na wewe umeyasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima. Mwanamke wa zamani alikifunga kikuba chake, asumini na mrehani na kipande cha mkadi, akakichomeka nyweleni wakati watoto wamekwisha lala, na asubuhi kilikuwa kimetupwa kabla hawajaamka. Nyumba zetu nyingi hadi leo chumba na chumba hutenganishwa na pazia tu, na mtoto anaweza kufumba macho, anaweza hata kuziba masikio, ila pua haiwezi kukatazwa kukumbuka. Kwa binti huyo harufu ile ni ya nyumba nyingine, ya siku ambazo baba yake alikuwa akiingia mlangoni, na wewe umekuwa ukimrudishia nyumba ile kila Alhamisi na kumwonyesha kwamba baba hayumo. Mimi ningekuwa yeye ningelitupa koja mbali zaidi ya ndoo.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, lakini nalisema kwa sababu nimeliona likiharibu. Mwanamke mmoja niliyemfunda, aliyeolewa mara ya pili kama huyo wako, alikuwa akipewa kanga na mume wake mpya, zawadi nzuri kabisa, naye akazoea kujitanda ile yenye maneno "Hasidi hana sababu" siku zile tu ambazo mtalaka wake alikuja kuwachukua watoto. Aliliona kuwa ni fumbo la wakubwa. Mwanawe wa darasa la pili alikuwa ndio kwanza amejua kusoma, akasimama kizingitini, akayasoma maneno yale silabi kwa silabi mbele ya baba yake, kisha akauliza hasidi ni nani. Mwambie mkeo, kwa hiyo, aangalie maneno ya kanga anazovaa mwisho wa mwezi. Sisemi kwamba anafanya hivyo, nasema aangalie.

Qurani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, inakataza mama kutiwa taabuni kwa ajili ya mwanawe, na baba vivyo hivyo, na mimi sioni kwa nini mtoto mwenyewe naye atiwe taabuni kwa ajili ya maua. Pumzisha asumini. Kibao cha mbuzi kibaki, vibibi vibaki, kwa kuwa hivyo ni vyako na havina historia. Wala usimwite binti ukamhoji wewe. Mama yake ndiye wa kuzungumza naye, tena siku anapomsuka, kwa sababu mtoto anayesukwa hamtazami mtu usoni, na asiyetazamwa usoni husema.

Mvuvi wa Sahare amejibu:

Ndugu Fundi, mimi sikubaliani na Bi Mkubwa, pamoja na heshima zangu zote kwake. Mtoto hapangi ndoa ya wakubwa. Mkiacha asumini kwa sababu mtoto kazitupa, mtakuwa mmemfundisha kwamba ndoo ya maji machafu ndiyo njia ya kusema, na mtakuwa mmembebesha mzigo mkubwa zaidi, wa kujua kwamba furaha ya mama yake inazimwa na yeye. Mimi nililea watoto wa mke wangu 3, nikaendelea na mambo yangu kwa upole, na leo wananitafuta wao kabla ya kumtafuta mama yao. Atazoea.

Niliyelelewa nyumba mbili amejibu:

Nimesoma majibu yote mawili na nadhani kila mmoja ameshika nusu ya jambo. Wazazi wangu waliachana nikiwa na miaka 10. Nikakaa na mama hapa mjini, Barabara ya 13, na baba akarudi kwao Pangani, kwa hiyo ninayoyasema hapa sikuyasoma popote.

Kwanza, Bi Mkubwa, shikamoo, sikubaliani nawe kwamba mahaba yote yafichwe. Mama yangu alipoolewa tena alificha kila kitu kwa ajili yangu, na mume wake, mtu mwema sana, akamfuata katika kuficha. Mbele yangu walikuwa kama watu wawili wanaongoja basi moja. Nilichokielewa mimi ni kwamba hawapendani na kwamba siku moja nao wataachana, na usiku nilikuwa nikihesabu nguo zangu ili nijue zitatosha kwenye mfuko gani. Kilichoniponya ni kitu cha kijinga kabisa. Jioni moja nilimwona baba yangu wa kambo akimmenyea mama chungwa, akaliondoa ganda lote bila kulikata, akatoa na kokwa moja moja kwa ncha ya kisu kwa kuwa mama alikuwa na jino bovu. Hakujua kwamba ninaangalia. Nililala usingizi mzito siku ile. Kwa hiyo mtoto anahitaji kuuona wema ndani ya nyumba, na sidhani kama kuna wema wa kumwonyesha unaozidi ule unaofanywa kwa mikono, kwa sababu huo mtoto anauelewa bila kuelezwa.

Pili, baba yangu halisi hakuwa na uwezo wa kuja kila mara, lakini alikuwa akinitumia kikapu cha ukili kwa kondakta wa basi la Pangani, ndani yake madafu 2, kipande cha ng'onda, na karatasi aliyoichora mashua au pweza, kwani kuandika hakukuzoea. Kikapu kilifika nikiwa shuleni. Mama angeweza kukifungua, maana ng'onda ilikuwa inatoa harufu na paka walikuwa wengi, lakini kila mara nilikikuta kimetundikwa msumarini na fundo la baba halijaguswa. Hakuwahi kuniambia neno jema juu ya baba, wala baya. Fundo lile lilinitosha. Mimi sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na bado nikiulizwa mama yangu alinipenda vipi, nakumbuka msumari ule kabla ya kitu kingine chochote.

Tatu, na hili ndilo ninalotaka Bwana Fundi alifikirie zaidi: asiulize tu kwamba maua yalikuwa ya nani, aulize pia binti alikuwa na kazi gani katika maua hayo. Baba yangu alikuwa akirudi kutoka baharini anapiga mluzi akiwa bado njiani, na kazi yangu ilikuwa kukimbia na taa ya chemli kumpokea ndoo. Baada ya talaka watu walinipa pole kwa kumkosa baba. Hakuna aliyejua kwamba nilikuwa nimeikosa na ile kazi, na kwamba kila magharibi miguu yangu ilikuwa ikitaka kukimbia na haina pa kwenda.

Mwalimu wa Darasa la Nne amejibu:

Naomba niongeze machache kutoka darasani, ambako watoto wa namna hii ninao kila mwaka. Binti wa miaka 9 anayetupa maua na kusema wazi sababu yake hanitishi sana; anajua kilichotokea na ana upande anaoulinda. Ninayemwonea wasiwasi ni yule wa miaka 5 ambaye katika maelezo yote ya Bwana Fundi hakutajwa tena baada ya sentensi ya pili. Watoto wa umri huo mara nyingi hudhani wao ndio waliosababisha mzazi kuondoka, na kwa kuwa hawasemi, watu wazima huwasifu kwamba wamezoea upesi. Mwambieni kwa maneno mafupi, na si mara moja, kwamba yeye hakufanya kosa lolote, na mngojee kusikia atakachojibu.

Kuhusu binti, nina swali juu ya huko kuchukuliwa mara moja kwa mwezi. Je, ni makubaliano, au ndivyo ilivyotokea tu? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, katika kifungu cha 26, inampa mtoto ambaye wazazi wake wameachana haki ya kutunzwa na kusomeshwa kwa kiwango kile kile alichokuwa nacho kabla, na pia haki ya kumtembelea mzazi mwingine na kukaa naye kila anapotaka, mradi masomo yake yasivurugike. Tazameni kwamba haki hiyo imeandikwa kuwa ya mtoto, wala si ya baba au ya mama. Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inapozungumzia nani akae na watoto, inaitaka mahakama izingatie matakwa ya mtoto iwapo amefikia umri wa kutoa maoni yake mwenyewe, na kwa Waislamu wa Kishafii, ambao ndio wengi wa pwani yetu, mtoto aliyefikia kupambanua, yapata miaka 7, huulizwa anataka kukaa na nani. Sisemi mwende mahakamani. Nasema kwamba Muheza si mbali, basi ni la muda mfupi, na mtoto anayemwona baba yake mara mbili zaidi huenda asihitaji kumlinda kwa kulinda maua yake. Mkishindwa kuelewana juu ya ratiba, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri yupo kwa kazi hiyo, na kumwendea si kushitakiana.

Kwa ndugu yangu wa Sahare: ni kweli kwamba mtoto hapaswi kujiona ndiye anayezima furaha ya mama yake, na hoja hiyo nimeichukua. Lakini neno "atazoea" nimelisikia kwa wazazi wengi, na mara nyingi maana yake huwa ni kwamba atanyamaza.

Fundi wa Mikanjuni amerudi:

Nawashukuru nyote, na nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuwa na la kusema. Zimepita Ijumaa 2.

Mke wangu alifuata agizo la Bi Mkubwa, akazungumza na binti akimsuka. Ilichukua mistari 4 ya nywele kabla hajasema kitu. Kumbe baba yake hakuwa akimpa mama maua kwa mkono wake. Alikuwa akifika mlangoni, anamwita binti, anampa yeye furushi la asumini kwenye jani la mgomba, na binti ndiye aliyekuwa akikimbia nalo hadi jikoni, naye akapewa ua 1 la kuchomeka sikioni kama ujira wake. Mama yake alikuwa amelisahau hilo kabisa. Mimi nilikuwa nikilitandaza koja juu ya mto kimya kimya, na kwa macho ya binti nilikuwa nimemwachisha kazi bila kumwambia. Ndugu uliyelelewa nyumba mbili, nilisoma maneno yako ya taa ya chemli mara kadhaa.

Kuhusu mdogo wake, Mwalimu amenitia aibu, na amesema kweli. Tulipomwambia kwamba hakufanya kosa, alitujibu kwamba alifanya: alivunja redio ya baba, na baba akaondoka. Redio yenyewe, mama yake anasema, ilivunjika baada ya Idi, na talaka ilitoka miezi mingi baadaye. Nilimpigia simu baba yao, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamweleza kuhusu redio, akanyamaza kwa muda, kisha akasema atakuja Jumamosi ile ile badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Sasa tumeanza kupatana juu ya kila baada ya wiki mbili, ingawa nauli ni yake na sijui itakuwaje msimu wa machungwa atakapokuwa na kazi nyingi.

Kumtungia mke wangu asumini nimeacha, na sioni tena kwamba nimefukuzwa kwangu. Alhamisi jioni sasa namchemshia chai ya mchaichai, nayo hainukii hadithi ya mtu. Lakini Ijumaa ile kabla baba yao hajaja, binti aliniomba uzi na sindano. Aliketi juu ya kibao cha mbuzi cha mama yake, akatunga koja kwa ajili ya bibi yake wa Muheza, mzaa baba, na nilipotaka kumsaidia aliniambia kwamba mafundo yangu ni makubwa mno, yanapasua maua. Tulitandika kitambaa kibichi ndani ya kopo tupu la maziwa ili vitumba visinyauke usiku, na Jumamosi asubuhi alipanda basi pamoja na baba yake na mdogo wake, kopo likiwa mapajani, na hakukubali mtu mwingine amshikie.